Majina Yaliyovuka Mpaka

Ewe msomaji, ukisimama Bute, katika Wajir ya Kaskazini, mpaka wa Ethiopia hauko mbali nawe. Tangu mwaka 1936 hata 1941 ng'ambo ya mpaka huo walitawala Wataliano, na upande wa mashariki, katika Somalia, walikuwa wametawala tangu zamani zaidi. Kwa hiyo nchi hii kame, ambayo Mwingereza aliihesabu kuwa pembe ya mwisho ya koloni lake, ilipakana na Kitaliano kwa pande mbili. Nataka tuitazame historia ya ujirani ule kwa kupitia dirisha dogo: jinsi lugha hiyo inavyozaa majina katika vitenzi.

Sisi tukitaka jina kutoka katika kitenzi, hulishika neno mbele na nyuma. Katika pika twapata mpishi, mapishi na upishi. Mtaliano hagusi mwanzo wa neno. Kazi yote huifanya mwishoni. Msomali naye hufanya vivyo hivyo: qor ni kuandika, qoraa ni mwandishi, qoraal ni maandishi. Mwanafunzi wa Bute aliyelelewa katika Kisomali, basi, ana sikio jepesi kwa jambo hili kuliko wengi wetu tuliotoka bara.

Tuanze na mwisho wa -tore, unaomtaja mtendaji. Esplorare ni kupeleleza nchi, na mwenye kufanya hivyo ni esploratore. Akiwa mwanamke, esploratrice. Ndivyo alivyoitwa Vittorio Bottego, aliyesafiri katika mwaka 1892 na 1893 kutafuta chemchemi za mto Juba. Wafugaji walioishi kando ya mto ule hawakuhitaji kupelelezewa maji yao, lakini hayo tuyaache. Jina la namna hii lina faida moja kwa mwanahistoria: ndani yake mna mtu, na mtu huweza kuulizwa.

Sivyo ilivyo kwa mwisho wa -zione na ndugu yake -sione. Occupare ni kuteka nchi. Occupazione ni utekaji. Cedere ni kuachia, nalo jina lake ni cessione. Ndani ya majina haya hamna mtu. Yatazame matukio ya Jubaland. Kwa mkataba wa mwaka 1924 Uingereza iliiachia Italia nchi ile pamoja na Kismayu, iliyokuwa sehemu ya Kenya, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa. Neno moja, cessione, latosha kulifunika jambo lote. Ukilirudisha katika kitenzi chake, maswali hutoka mara moja: nani aliachia? Aliachia cha nani? Wenye malisho, ambao jamaa zao walibaki upande huu wa mstari, waliulizwa lini? Hawakuulizwa. Kitenzi hudai mtendaji na mtendwa. Jina huweza kuwaficha wote wawili.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Juni 1940 ndege za Italia zilitupa mabomu Wajir. Kitenzi ni bombardare, na kwa mwisho wa -mento tendo lake huitwa bombardamento. Mwezi wa Julai wakaishambulia Moyale, na askari wa Mwingereza waliozingirwa humo wakatoka usiku. Hapa Kitaliano hutumia mwisho wa namna ya tatu, uliotokana na hali ya jambo lililokwisha kutendwa: avanzare, kusonga mbele, huzaa avanzata, ritirare, kurudisha nyuma, huzaa ritirata. Avanzata ilikuwa ya Wataliano, ritirata ya Waingereza. Lakini Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, yaani Ghana, yaliipiga El Wak, na Februari 1941 Moyale ikarudi mikononi mwa Waingereza. Sasa ritirata ikawa ya Wataliano wenyewe, wala herufi moja haikubadilika.

Baada ya vita Umoja wa Mataifa uliiweka Somalia ya kusini chini ya Italia kwa miaka kumi, tangu 1950 hata uhuru wa tarehe 1 Julai 1960. Serikali ile iliitwa Amministrazione, kutoka katika amministrare, kusimamia. Ni jina refu, la karatasi na mihuri. Yaliyoingia katika vinywa vya watu na kudumu ni mengine kabisa. Msomali huita maji ya matunda isbarmuunto: ndilo spremuta, kutoka katika spremere, kukamua. Barafu tamu huiita jalaato: ndilo gelato, kutoka katika gelare, kuganda. Umbo lake ni lile lile la ritirata na avanzata, ila sasa limo ndani ya gilasi.

Na vitenzi vyake je? Havikuvuka. Msomali akikamua tunda hutumia kitenzi chake mwenyewe. Jina lilikuja peke yake, kama mtoto aliyeachwa kwa jirani. Nasi tumefanya hivyo hivyo. Twasema stesheni, tuliyoipata kwa Mwingereza, naye asili yake ni Kilatini, ambamo stare ni kusimama. Kwa Mtaliano neno hilo ni stazione. Treni hufika stesheni, lakini ikifika, husimama kwa Kiswahili.