Walidhani Ni Yaya Tu

Hebu taja Kapenguria Six bila kugoogle. Kama ulisoma Kenya, pengine utafika wanne, watano. Sasa nitajie jasusi mmoja wa kike wa Mau Mau. Kimya, si ndio?

Hata mimi. Jina la Wambui Otieno nililisikia mara ya kwanza hapa Kakamega, wazee wakibishana juu ya kesi ya 1987, alipotaka kumzika mumewe, wakili S.M. Otieno, na ukoo wa mume ukamshinda kortini. Wengine wanamjua kwa harusi ya 2003: bibi harusi 67, bwana harusi hajafika 30. Watu wanacheka mpaka leo.

Lakini turudi nyuma. Oktoba 1952 mkoloni alitangaza hali ya hatari. Vita vya Mau Mau havikuwa Mzungu na Mwafrika pekee. Kijiji kimoja kilikuwa na watu msituni na wengine Home Guard, wameshika bunduki za serikali. Kwangu mimi hivyo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na mkipigana na jirani yako, anayejua siri ndiye anayeona kesho.

Wambui alikula kiapo akiwa msichana tu, na babake alikuwa inspekta wa polisi! Akaenda Nairobi kupeleleza, akishirikiana na watu waliofanya kazi kwenye nyumba za Wazungu. Fikiria: bwana mkubwa anaongea mezani, yaya anapakua chakula. Nani anamwangalia yaya? Siri inatokea jikoni. Kule Nyeri, Muthoni wa Kirima naye alianza kwa kupeleka chakula na kupeleleza, kabla ya kuingia msituni na kuwa Field Marshal.

Na hawakufanya bure. Wambui alishikwa, akafungiwa kizuizini Lamu, akatoka 1961.

Maoni yangu ni haya: hawa wanawake walifaulu kwa sababu hakuna aliyewadhania. Uhuru ukaja, na sisi tukaendelea vilevile. Mzungu aliwadharau akapoteza siri zake. Sisi tumewadharau tukapoteza historia yetu.

Wambui alifariki 2011, Muthoni 2023. Wanaisha, wasee. Kama kukhu wako bado yupo, wikendi hii mtembelee. Usimuulize tu enzi hizo alipika nini. Muulize alisikia nini.