Nani alikosea, fundi wa Kariobangi au mwalimu wa Kiswahili?

Mwaka jana nilimfedhehesha mzee mmoja mbele ya vijana wake. Makala ya leo ni ya kulipa deni hilo.

Nilikuwa nimepeleka gari langu kwa fundi niliyemzoea kule Kariobangi Light Industries. Pembeni palikuwa na gari jeusi la kifahari, boneti wazi. Nikauliza ni la nani. "Hiyo Poshe ni ya mtu wa Buruburu," fundi akajibu, akitamka silabi mbili kamili: Po-she. Mimi, kwa ule ugonjwa wetu walimu wa lugha, nikamsahihisha papo hapo: "Mzee, si Poshe. Ni Posh." Vijana wake, wale tunaowaita spanaboi, wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mzae ameshrabu!" Mzee hakunijibu. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akainama tena chini ya boneti. Niliporudi wiki iliyofuata, nilikuta ameshapewa jina: Mzee Poshe.

Kushrabu, kwa msomaji asiyeishi Nairobi, ni kuzungumza Kiingereza huku matamshi ya lugha ya mama yakichungulia. Neno hili ni la kuchekea watu, na kicheko chenyewe kina gharama. Katika mitaa ya Eastlands utampata kijana anayeweza kushusha injini nzima na kuirudisha, lakini akienda kuomba kazi kwenye gereji kubwa akasema "rejeta" na "salensa", anayemhoji anatabasamu kwa pembe ya mdomo. Ulimi wake umepimwa kabla ya mikono yake.

Je, kweli matamshi hayo ni makosa? Historia ya maneno ya magari inatoa jibu tofauti na lile nililompa mzee.

Tuanze na neno gari lenyewe. Lilitujia kutoka Bara Hindi, na halikuwa na uhusiano wowote na petroli. Ndiyo maana tuna gari la ng'ombe, na ndiyo maana treni iliitwa gari la moshi. Usukani nao ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa matatu. Nauli, ambayo makanga huidai kwa kugonganisha sarafu kiganjani, ni Kiarabu cha mabaharia. Hivyo dereva wa Kayole anayelalamika kuhusu nauli huku ameshika usukani anazungumza lugha ya manahodha wa Lamu, ajue asijue.

Halafu likaja wimbi la Kiingereza. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua ukizunguka karakana zake. Wafanyakazi wa reli waliishi Muthurwa na Makongeni, karibu na kazi. Walitoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na lugha yake. Majina ya vipuri na vifaa yaliwafikia wengi wao kwa masikio, si kwa maandishi. Sikio lilipokea sauti, na Kiswahili kikazipanga upya kwa sheria zake.

Sheria hizo si za kubahatisha. Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu. Neno la kigeni likiishia kwa konsonanti, tunaliongezea irabu mwishoni, lakini si irabu yoyote tu. Tazama breki, jeki, bolti, gereji na Benzi: zote zina i. Sasa tazama pikapu, pampu na shokapu: zote zina u. Kwa nini? Sauti p hutamkwa kwa midomo, na u ni irabu inayoviringa midomo. Zinaitana. Hakuna mwalimu aliyemfundisha fundi wa Shauri Moyo kanuni hii, lakini hutamsikia akisema "pikapi" wala "breku". Anaifuata kama anavyofuata mpangilio wa gia.

Sarufi nayo haikulala. Kiingereza kilituletea jina la kile kipande cha bati kinachozuia matope ya gurudumu. Tukasikia madigadi. Lakini ma- katika Kiswahili ni kiambishi cha wingi, kwa hiyo wasemaji wakatoa umoja wake: digadi moja, madigadi mawili. Vivyo hivyo, kibao kilichoamuru madereva wapite kushoto kwenye mzunguko wa barabara kikazaa neno kipilefti, na wingi wake, hasa Tanzania, ukawa vipilefti. Wanaisimu wameitumia mifano hii miwili kwa miaka mingi kuonyesha kwamba lugha haimezi neno zima zima. Hulitafuna kwanza.

Baada ya uhuru, utafunaji huo ukapata makali ya kisiasa. Viongozi wapya walipoanza kuonekana ndani ya magari ya Mercedes-Benz, wananchi walichukua kiambishi wa- cha watu, wakakibandika kwenye jina la kampuni ya Kijerumani, wakapata Wabenzi. Kabila jipya likazaliwa ambalo halina ukoo wala kijiji, lina gari tu. Hapo mtu hawezi kusema wananchi walikosea kutamka. Walitamka walichokiona.

Wanyonge nao walikuwa na gari lao, na jina lake likatokana na sarafu tatu za senti kumi kumi zilizokuwa nauli: matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na biashara ikapanuka. Baadaye, zilipoenea zile za viti 14, Nissan ikawa jina la aina nzima. Nimemsikia mtu akisema, bila kuona ajabu yoyote, "Nilipanda Nissan ya Toyota."

Hapa tumefika kwenye magari ya Japani, na hapa ndipo kicheko cha wale vijana kinapoanza kukosa msingi. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu. Toyota, Isuzu, Suzuki, Mitsubishi: ungeambiwa ni majina ya vijiji vya Pwani ungeweza kuamini. Mkenya anayesema I-su-zu, kila silabi kwa zamu yake, yuko karibu na Mjapani kuliko yule anayejitahidi kusema "Aisuzu" ili asikike amesoma.

Wajapani wenyewe hufanya nini na Kiingereza? Breki wanaiita bureeki. Lori ni torakku. Usukani ni handoru, kutokana na neno la Kiingereza la mpini. Wametia irabu kila mahali, kama sisi, na wakauzia dunia magari hayohayo ambayo majina ya sehemu zake "wameyashrabu". Sijasikia aliyewacheka.

Hata majina ya kampuni zao yamepitia ulimini. Familia iliyoanzisha Toyota inaitwa Toyoda. Mwaka 1936 d iligeuzwa t kwa jina la biashara. Mazda inahusiana na jina la mwanzilishi wake, Matsuda, na Wajapani hadi leo huitamka Matsuda. Datsun ilianza kama Datson, yaani mwana wa DAT, lakini son kwa Kijapani husikika kama neno la hasara, ikabadilishwa. Kumbe matamshi ambayo leo tunayaita sahihi ni mageuzi ya jana yaliyopata wenye nguvu za kuyatetea.

Sisemi kila matamshi ni sawa. Anayesema "kura" akikusudia kula chakula amebadilisha maana ndani ya Kiswahili chenyewe, na mwalimu ana haki ya kumrekebisha. Mwanafunzi wa Kiingereza naye afundishwe Kiingereza. Ninachokataa ni kuliita breki au digadi kosa la Kiingereza, ilhali ni Kiswahili kilichokamilika.

Na Poshe? Gari hilo limebeba jina la ukoo wa Ferdinand Porsche, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1875. Nilipokaa kuwasikiliza Wajerumani wenyewe, niliona aibu. Wanatamka silabi mbili. Ile e ya mwisho husikika. Aliyeikata nilikuwa mimi, kwa kuwaiga Waingereza niliodhani ndio kipimo cha kila neno la kigeni. Mzee alikuwa sahihi kwa Kiswahili na kwa Kijerumani. Mimi sikuwa sahihi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nilirudi Kariobangi siku ya Jumamosi, vijana wote wakiwepo, kwa maana kosa la hadharani huombewa radhi hadharani. Siku hiyo kulikuwa na Subaru juu ya jeki. Nikawaambia vijana kwamba Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota, zile zilizochorwa kwenye nembo, na kwamba Waswahili walikuwa na jina la nyota hizo kabla ya motokaa: Kilimia, kwa sababu wakulima walizitazama kujua majira ya kulima. Wakainama kuzihesabu. Kisha nikageuka kwa mzee, nikamwambia wazi kwamba siku ile aliyekosea nilikuwa mimi, na kwamba mwenye jina lake hulitamka kama yeye.

Alinitazama kidogo, spana mkononi. "Mwalimu," akasema, "mimi nilisoma tu vile imeandikwa. Iko na e mwisho. Ulitaka niipeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Jina la Mzee Poshe halijamtoka, ila siku hizi, wakimwita, anaitika.