Mrija wa nyongo unapoziba: Tiba ipitiayo kinywani bila kupasua tumbo

MGONJWA aingiapo zahanati akiwa na macho ya manjano, neno la kwanza kutajwa huwa ni ini. Wengine husema ni homa ya manjano, ilhali maradhi hayo huletwa na virusi vinavyosambazwa na mbu na ni jambo jingine kabisa. Wapo pia wanaokunywa mizizi ya kuchemshwa kwa majuma mengi, kumbe kinachowamaliza ni kijiwe kisichozidi punje ya hindi, kilichokwama katika mrija mwembamba.

Umanjano ni dalili wala si ugonjwa. Hutokea wakati bilirubini, rangi itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, inapojaa mwilini. Huenda chembe hizo zinavunjika kwa kasi kupita kiasi, kama katika malaria kali. Huenda ini lenyewe limeshambuliwa, kama katika hepatitisi. Au huenda ini linafanya kazi yake vyema, ila njia ya kutolea nyongo imefungwa.

Aina hii ya tatu ina alama zake. Mkojo hugeuka mweusi kama chai ya mkandaa, choo hupauka kama udongo wa mfinyanzi, na ngozi huwasha hata mgonjwa akakosa usingizi. Hepatitisi nayo huweza kuleta baadhi ya dalili hizo, na ndiyo sababu vipimo vya malaria na homa ya matumbo pekee havitoshi. Picha ya tumbo ipigwayo kwa mawimbi ya sauti, ile wanayopigwa kina mama wajawazito, huonyesha upesi iwapo mirija ya nyongo imetanuka.

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hushuka kwa mrija wenye upana wa takriban milimita 6, ambao hupita katika kichwa cha kongosho, hukutana na mrija wa kongosho, kisha yote miwili hufunguka katika utumbo mwembamba kwenye kijinundu kimoja kilichozungukwa na msuli. Ujirani huo ndio chanzo cha mikosi mingi. Kijiwe kikikwama mlangoni, kongosho huvimba na kuwaka. Kongosho likipata saratani, mrija wa nyongo usio na hatia hubanwa.

Mbali na vijiwe na saratani, mrija huweza kusinyaa kutokana na kovu la upasuaji wa awali. Katika Afrika Mashariki kuna mambo mawili zaidi ya kuangaliwa. Wagonjwa wa selimundu hupata vijiwe vya nyongo wakiwa bado vijana, kwa kuwa damu yao huvunjika daima. Na minyoo ya tumbo, ile mirefu ya mviringo, huweza kupanda kutoka utumboni na kujipenyeza ndani ya mrija.

Hatari kubwa ni nyongo iliyotuama kuingiwa na bakteria. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, alieleza mwaka wa 1877 dalili tatu za hali hiyo: maumivu chini ya mbavu za kulia, homa yenye kutetemesha, na umanjano. Mgonjwa wa namna hii hawezi kusubiri. Dawa za kuua bakteria humsaidia, lakini usaha ukiwa umefungiwa nyuma ya kizuizi, sharti njia ifunguliwe.

Zamani njia hiyo ilifunguliwa kwa kisu. Mwaka wa 1968, daktari mpasuaji William McCune na wenzake mjini Washington, Marekani, walieleza jinsi walivyoufikia mlango huo kwa endoskopu, yaani mpira mwembamba wenye kifaa cha kuonea, uliopitishwa kinywani. Mwaka wa 1974, Meinhard Classen na Ludwig Demling wa Erlangen, Ujerumani, na Keiichi Kawai wa Kyoto, Japani, kila upande kivyake, walitangaza kuwa wameweza kuukata msuli wa mlango kwa waya wa umeme uliopitishwa ndani ya mpira huo. Tangu hapo kipimo kikawa tiba, na leo hujulikana kwa kifupi kama ERCP.

Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa, kisha hupewa dawa ya usingizi. Endoskopu hupita umio na tumbo hadi kwenye kijinundu. Jicho lake hutazama upande, si mbele, kwa kuwa mlango unaotafutwa uko ubavuni mwa utumbo. Mrija mwembamba huingizwa, dawa yenye kuonekana kwa eksirei hudungwa, na kizuizi hujitokeza kwenye skrini. Vijiwe huvutwa kwa kiputo au kikapu cha waya. Palipobanwa na uvimbe au kovu, huwekwa stenti, yaani kijirija cha plastiki au cha wavu wa chuma, ili nyongo ipite.

Hata hivyo, si tiba ya kuendewa kwa pupa. Kati ya wagonjwa 100, kama 3 hadi 10 hupatwa na uvimbe wa kongosho baadaye, na wachache miongoni mwao huugua vibaya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa dawa ya indomethasini, iwekwayo njia ya haja kubwa, hupunguza madhara hayo. Ni dawa ya bei nafuu. Kutokwa damu na kutoboka utumbo pia hutokea, ingawa kwa nadra. Kwa sababu hizo, ERCP haifai kufanywa kwa ajili ya kutazama tu. Picha za sumaku hutazama bila kumgusa mgonjwa.

Kwa kongosho lililougua kwa miaka mingi, mara nyingi kutokana na pombe, mambo ni tofauti kidogo. Endoskopu huweza kutoa vijiwe vya kongosho, lakini utafiti wa Uholanzi wa mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa wagonjwa waliopasuliwa walipata nafuu zaidi ya maumivu kuliko waliotibiwa kwa endoskopu. Kisu hakijapitwa na wakati kila mahali.

Nchini Kenya huduma hii hupatikana katika hospitali chache kubwa, hasa za mijini, kwani huhitaji daktari aliyefunzwa mahsusi na mashine ya eksirei chumbani humo humo. Mgonjwa anayepelekwa huko ana haki ya kuuliza daktari amefanya ngapi. Aidha, ataje dawa zote anazotumia, hasa zile za kuzuia damu kuganda.

Aliyewekewa stenti ya plastiki asiondoke bila tarehe ya kurudi. Stenti hiyo huziba baada ya miezi 3 hivi, na ni lazima itolewe au ibadilishwe. Wengi, wakishaona macho yameng'aa na hamu ya chakula imerejea, hujiona wamepona, na hurudi tu siku homa ya kutetemesha inapowaangusha upya.