Kifaransa na Kihispania Bila Kuboeka: Gemu za Klasi Zenye Hufanya Wasee Wabonge

Kuna wasee wengi mtaani walisoma Kifaransa miaka minne high school, wakapata gredi poa, na leo ukiwaambia wabonge unapata "Bonjour, je m'appelle" halafu kimya. Si ati walikuwa mafala. Walifundishwa kuandika lugha, hakuna mtu aliwapa nafasi ya kuitoa mdomoni.

Piga hesabu kidogo. Kipindi ni dakika 40 na klasi iko na wasee 45. Tuseme ticha amebonga nusu ya kipindi, zimebaki dakika 20. Akianza kuuliza mmoja mmoja, kila mtu anapata kama sekunde 26. Hiyo haitoshi hata kusafisha koo. Lakini akigawa klasi wawili wawili, dakika zile zile 20, kila mtu anabonga karibu dakika 10. Hakuna projekta imenunuliwa hapo. Kwa hivyo hapa gemu tunaipima na swali moja tu: ni wasee wangapi wanabonga kwa wakati mmoja? Kama wawili wako mbele wanaigiza na 43 wanatazama, hiyo ni sinema, hata kama inachekesha.

Tuelewane pia kuhusu nani anasoma nini. Kwa KCSE lugha za kigeni ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Kihispania utakipata zaidi kwa shule za mtaala wa kimataifa na madarasa ya jioni. Gemu nyingi zinaingia kote kote, kwa hivyo kama uko TP, ama wewe ni ticha wa BOM, ama unafundisha mdogo wako sitting room, chukua yenye inakufaa.

Kwanza ondoa uoga wa kuchoma

Hii ndiyo ngori yenyewe. Form two hawezi sema "rue" mbele ya klasi juu anajua ile r ya kooni ikitoka vibaya atachekwa hadi Ijumaa. Akichoma mara moja, ameishia. Atakaa nyuma miaka mitatu akikopi notisi.

Kubonga wawili wawili kunasaidia juu hadhira ni mtu mmoja, na yeye pia anachoma. Kitu ya pili ni kubandika ukutani maneno ya kujiokoa kutoka wiki ya kwanza. Kwa Kifaransa: "Je ne comprends pas", "Plus lentement, s'il te plaît", "Comment dit-on...?" Kwa Kihispania: "No entiendo", "Más despacio, por favor", "¿Cómo se dice...?" Ukitaka hiyo "despacio" ishike haraka, waambie ile ngoma ya Luis Fonsi ya 2017 yenye kila mtu aliimba bila kuelewa, "Despacito", maana yake ni polepole tu.

Kitu ya tatu ni ya ticha: wacha kukatiza. Gemu ikiendelea, tembea na karatasi, andika makosa matano yenye umesikia. Dakika tano za mwisho yaandike ubaoni bila jina la mtu, klasi iyatengeneze pamoja. Kila mtu anajua lake, na hakuna mwenye ameanikwa.

Kuzamisha meli

Kama ni gemu moja tu unachukua hapa, chukua hii. Wafaransa huiita "bataille navale". Kila msee anachora jedwali ya mistari sita kwa sita kwa karatasi ya hesabu. Kushoto anaandika je, tu, il, nous, vous, ils. Juu anaandika verbu sita: avoir, être, aller, faire, prendre, venir. Hapo kuna visanduku 36. Anaficha meli tano, yaani visanduku vitano vyenye jirani yake haoni.

Kupiga risasi, huwezi sema "mstari wa nne, safu ya tatu". Lazima useme verbu yenyewe: "nous allons". Kama kuna meli hapo, mwenzako anasema "touché". Kama hakuna, "à l'eau". Ukisema "nous allez", risasi imepotea na zamu imehama. Unapata vijana wenye hawajawahi taka kusikia grama wakibishana kwa nguvu kama ni "ils faisent" ama "ils font" (ni "font", na yule amekosea hatasahau juu ilimgharimu meli).

Kwa Kihispania weka yo, tú, él, nosotros, vosotros, ellos. Ukisahihisha, waambie wazi kwamba vosotros ni ya Uhispania. Amerika ya Kusini na Meksiko wanasema ustedes, na Argentina hata tú wameitupa wanatumia vos. Mtoto asome kitabu cha Madrid halafu acheki telenovela ya Meksiko bila kudhani amedanganywa.

Namba ndizo hunyonga watu

Kihispania namba ziko fiti, setenta, ochenta, noventa, twende. Kifaransa ndio kinaleta hesabu: 70 ni soixante-dix, yaani 60 na 10. 80 ni quatre-vingts, yaani 20 mara nne. 97 ni quatre-vingt-dix-sept, yaani 20 mara nne, kumi, na saba. Manze, unalipa sukari ama unafanya pepa ya hesabu?

Dawa ni kubadilishana namba za simu. Wafaransa husoma namba ya simu mbili mbili, na zetu ziko na tarakimu 10, kwa hivyo zinagawanyika vizuri kuwa jozi tano. Kila mtu anatunga namba za uongo tatu (za uongo kabisa, usianze kusambaza namba ya mamako), anamsomea mwenzake, mwenzake anaandika, wanalinganisha. Baada ya wiki mbili za dakika tano tano, 97 haiwashtui tena.

Na waambie siri moja. Congo, Rwanda na Burundi, juu ya historia ya Wabelgiji, wanasema septante kwa 70 na nonante kwa 90. Ukivuka kuingia Goma utasikia hizo. DRC iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, kwa hivyo Kifaransa si lugha ya Paris pekee, ni ya jirani mwenye tunafanya naye biashara.

Ramani yenye mashimo

Chora tao. Moi Avenue, Tom Mboya Street, Kenyatta Avenue, Kimathi Street, Archives, KICC, Kencom. Toa kopi mbili, kila moja ikiwa na majina tofauti yamefutwa. A anajua KICC iko wapi lakini hajui Archives. B ni kinyume. Wanakaa mgongo kwa mgongo na wanaulizana: "Où est...?", "¿Dónde está...?", "tourne à gauche", "sigue recto". Hakuna kuonyesha kidole.

Siri ya hii gemu ni kwamba swali ni la ukweli. Ticha akishika kalamu aulize "Hii ni nini?", kila mtu anajua ticha anajua. Lakini A kweli hajui Archives iko wapi kwa ile karatasi, na asipouliza hatamaliza. Hapo ndipo lugha inakuwa kazi, inaacha kuwa maonyesho.

Ukimaliza ramani, panda mat. Mmoja ni konda, watatu ni abiria, nauli imepanda juu ya mvua, changi haitoshi. Gawa klasi yote grupu za wanne zikienda pamoja, si grupu moja mbele. Ongeza abiria mmoja mzee, uone kama konda atakumbuka kuhama kutoka tu kwenda vous, ama tú kwenda usted. Mtoto mwenye amelelewa na shikamoo ama na "sasa" ya mtaani anajua tayari kwamba huongei na mbuyu vile unaongea na beshte. Ile akili anayo, anahitaji tu neno.

Imla ya mbio

Bandika aya ya mistari sita nje ya mlango. Wawili wawili: mmoja anakimbia, anasoma, anakumbuka venye anaweza, anarudi kumwambia mwenzake, mwenzake anaandika. Nusu saa ya imla ya kawaida hulaza watu, hii inaamsha hadi ile ya jirani, kwa hivyo ongea na ticha wa klasi jirani mapema. Weka sheria ya kutopiga kelele kutoka mlangoni.

Kwa Kifaransa hii ndiyo dawa ya herufi bubu. "Il parle" na "ils parlent" zinasikika sawa kabisa, kwa hivyo mwandishi lazima aulize "Ça s'écrit comment?" Kihispania ni rahisi zaidi. Vokali zake tano ni a, e, i, o, u, karibu vile sisi huzisema, na kinaandikwa venye kinasikika, ukitoa vitu kama h yenye haisikiki, na b na v zenye zinasikika sawa.

Hapo ndipo unawaambia kitu tamu: "hasta" ya Kihispania na "hata" yetu zote zimetoka kwa "hatta" ya Kiarabu. "Azúcar" na sukari pia ni ndugu. Meza na bendera tulizichukua kwa Wareno Pwani, na Mhispania anasema mesa na bandera. Wape dakika kumi wawinde maneno kama hayo kwa kamusi. Wakikutana na "embarazada" waelewe haimaanishi ameona haya. Ana mimba.

Wasilete nyimbo bila kazi

Ticha mvivu hucheza ngoma kipindi chote na kuita hiyo lesoni. Ngoma inafaa ikiwa mtu ako na kazi. Kata maneno ya wimbo vipande vipande, kila wawili wapange mistari wakisikiza, mara tatu tu. Stromae anafaa, anatamka wazi. Yeye ni wa Brussels, babake alikuwa Mnyarwanda aliyeuawa 1994 kwa mauaji ya kimbari, na "Papaoutai" ya 2013 inahusu baba mwenye hayuko. Hata jina ni somo: ni "Papa, où t'es?" imeandikwa vile inasikika. Klasi nyingi ziko na mtu mwenye huo wimbo utamgusa, kwa hivyo usilazimishe mtu kusimulia stori ya kwao.

Halafu fungua verlan. Vijana wa Ufaransa hugeuza silabi: bizarre inakuwa zarbi, merci inakuwa cimer, femme inakuwa meuf. Buenos Aires nao wana vesre, café inakuwa feca, tango inakuwa gotán. Si hiyo ni sisi tukigeuza stori kuwa risto? Wape maneno kumi wageuze, wabadilishane na grupu ingine, wakisie. Kwa mara ya kwanza Sheng yao haigombezwi klasini, inawasaidia kusikia silabi za lugha ingine.

Wenye wanapenda jukwaa wapelekwe drama festival, kuna vitengo vya Kifaransa. Lakini hiyo ni ya wasee kumi, usiifanye iwe programu ya klasi yote.

Na kama lesoni yako ya kwanza ni Jumatatu na huna printa, anza na kuzamisha meli. Inataka karatasi ya hesabu na kalamu pekee, na ikifika dakika ya 35 utalazimika kuwaambia waache.