Wimbo Kabla ya Mchezo: Kutoka Tokyo hadi Barabara ya Dakawa

Januari 1991 kituo cha televisheni cha Fuji, nchini Japani, kilianza kurusha tamthilia ya Tokyo Love Story kila Jumatatu saa tatu usiku. Wimbo wake wa kufungulia uliimbwa na Kazumasa Oda, na nakala zake ziliingia madukani Februari, watazamaji walipokuwa wameshausikia kwa majuma kadhaa. Ziliuzwa zaidi ya milioni mbili na nusu. Mwaka huohuo Chage and Aska waliuza takriban nakala milioni 2.8 za "Say Yes", wimbo wa tamthilia nyingine ya kituo hichohicho, iliyorushwa siku ileile ya juma na saa ileile. Takwimu kama hizi huwafanya wengi waamini kwamba wimbo wa tamthilia hukumbukwa kwa utamu wake na kwa nguvu ya soko la muziki. Mimi naona soko lilikuja nyuma. Kinachougandisha wimbo wa namna hii kichwani ni saa yake, yaani ile hali ya watu wengi kuusikia kwa pamoja, kwa muda uliopangwa, huku wakisubiri kisa ambacho hawajui kitaishia wapi. Anayetaka kulipima jambo hili hana budi kutoka Tokyo na kwenda mahali ambako wimbo wa mchezo haukuwa na duka la kuuzia.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni Dakawa, wilayani Mvomero, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, penye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto Wami. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Mhusika wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, ambaye mkewe Tunu alimwacha na kujitegemea, na ambaye UKIMWI ulimmaliza. Kwa watu wa Dakawa, wanaopitiwa na malori usiku na mchana, Mkwaju hakuwa mtu wa kubuniwa sana. Lakini historia ya mchezo huo ina jambo jingine linaloihusu barabara hiyohiyo. Watafiti walitaka kujua kama mchezo unabadili mwenendo wa watu, hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la mtambo wa Dodoma halikurushiwa, likapewa kipindi kingine. Lilirushiwa baadaye, mwaka 1995. Kwa hiyo dereva aliyetoka Morogoro kwenda Dodoma alisafiri kutoka nchi yenye Mkwaju hadi nchi isiyomjua, ndani ya siku moja na bila kuvuka mpaka wowote. Matokeo yalionyesha kwamba penye mchezo matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima waliofikiwa na matangazo waliusikiliza.

Nusu ya watu wazima ni wengi kuliko redio zilizokuwapo, na hapo ndipo kazi ya muziki wa kufungulia inapoonekana. Betri zilikuwa ghali. Zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo, na redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, salamu na mchezo, kisha ikazimwa. Katika msimu wa kuamia ndege, mwenye shamba la mpunga hawezi kuondoka kabla kwelea hawajaenda kulala. Mtu huyu hafuati saa ya ukutani. Anafuata sauti inayotoka kwa jirani, na muziki wa mwanzo humpa dakika moja au mbili za kufika barazani kabla ya mhusika wa kwanza kusema neno. Muziki huo ulikuwa mwito kama wa mgambo, na mwito haupimwi kwa ufundi wa mpiga gitaa.

Mtu atasema hayo ni mazoea ya kijijini tu, ya watu waliokosa kingine, na kwamba Japani ni habari tofauti. Basi tuitazame Oshin, tamthilia ya kituo cha NHK iliyoanza Aprili 1983 na kumalizika Machi 1984. Ilikuwa na sehemu 297 za robo saa, zikirushwa asubuhi. Wastani wa watazamaji wake ulikuwa asilimia 52.6, na hakuna tamthilia ya Kijapani iliyoufikia tangu hapo. Muziki wake wa kufungulia, uliotungwa na Koichi Sakata, hauna maneno wala mwimbaji. Hakuna nyota aliyeubeba na hakuna ubeti wa kukariri, lakini nusu ya nchi iliufungulia siku. Nusu ya Japani na nusu ya wasikilizaji wa Radio Tanzania wanakutana hapo bila kujuana, na kilichowaunganisha si uzuri wa sauti ya mtu.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu ukiritimba. Radio Tanzania ilikaa muda mrefu bila mshindani Bara. Vituo binafsi kama Radio One na ITV vilianza mwaka 1994. Je, watu hawakukumbuka kwa sababu tu hawakuwa na pa kwenda? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, lakini Dodoma inalipunguza nguvu. Wasikilizaji wa huko walikuwa na redio ileile na saa ileile. Walichokosa ni kisa. Saa tupu haitoshi, ni lazima iwe na jambo linalosubiriwa. Kwa upande wa Japani, mtazamaji wa mwaka 1983 alikuwa na vituo kadhaa vya kuchagua, na bado akachagua kuketi na wengine.

Morogoro inaleta pingamizi jingine, na hili nalithamini zaidi. Mji uliomlea Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, haukuhitaji mchezo wa redio ili ukumbuke nyimbo. "Shida" ya Mbaraka inaimbwa hadi leo na watu waliozaliwa baada ya kifo chake mwaka 1979. Ni kweli, ila wimbo wa Mbaraka una kisa chake chote ndani, unaanza nacho na kwisha nacho, hivyo unaweza kusikilizwa popote na ukatosha. Wimbo wa kufungulia hauna kisa. Unaahidi tu, na ahadi hukumbukwa na yule aliyeisubiri. Jambo hili Dakawa ililijua hata kabla ya Mkwaju. Tangu mwaka 1982 hadi 1992 palikuwa na makazi ya wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na redio ya chama chao, Radio Freedom, iliyorushwa kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ilijulikana kwa milio ya bunduki iliyoifungulia. Huko Afrika Kusini kuisikiliza kulikuwa kosa la jinai, na msikilizaji aliyeshusha sauti hadi karibu na kimya aliitambua kwa milio hiyo. Hakuna anayeweza kudai ilikumbukwa kwa utamu.

Leo tamthilia za Kiswahili ni nyingi kuliko wakati wowote, na baadhi zinafunguliwa na nyimbo za Bongo Fleva zilizorekodiwa vizuri. Lakini simu imempa mtazamaji uwezo wa kuruka mwanzo na kutazama saa anayotaka, peke yake. Simlaumu. Ninachotaka ni kwamba TBC, iliyorithi kanda za Radio Tanzania, inapozihifadhi upya isiukate muziki wa mwanzo ili kuokoa nafasi, na kila kanda iandikwe siku na saa iliporushwa, pamoja na majina ya waliopiga na mtambo uliorusha. Bila saa hiyo, mtafiti wa kesho atakuwa na dakika moja ya gitaa mkononi, na hataelewa kwa nini mtu aliyekuwa akiamia ndege aliacha manati yake na kukimbia.