Chupa ya Hamira Ina Ukoo Mrefu

Kila inapofika kumbukumbu ya Takashi Amano, mpiga picha wa Niigata aliyefariki Agosti 4, 2015, hutajwa kuwa ndiye aliyewafundisha watu kulisha mimea ya majini kwa hewa ya ukaa. Sifa nyingi ni haki yake, kwani kampuni aliyoianzisha mwaka 1982 iliuzoeza ulimwengu mitungi ya hewa hiyo. Lakini sifa hizo zimezaa dhana potofu: kwamba chupa ya soda iliyotiwa sukari, hamira na maji ya vuguvugu, kizibo kikatobolewa na kupitishwa mpira mwembamba hadi kwenye tangi dogo la samaki, ni uigaji wa asiyemudu mtungi. Ukweli ni kwamba hamira ilitangulia mtungi kwa takriban karne mbili.

Mwaka 1767 Joseph Priestley alihamia Leeds, Uingereza, jirani na kiwanda cha bia. Juu ya mapipa ya bia iliyokuwa ikichacha alikuta hewa nzito iliyozima kijiti cha moto; moshi wake ukaelea juu ya hewa hiyo, kisha ukateremka ubavuni mwa pipa hadi sakafuni. Hapo hapo akawa anamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, yakageuka maji ya soda. Lililobaki ni jani, na hapo anasahaulika mno Jean Senebier, mchungaji na mkutubi wa Geneva. Jan Ingenhousz alikwisha kuchapisha mwaka 1779 kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa hewa safi yakipata mwanga. Senebier akataka kujua hewa hiyo hutokana na nini. Alizamisha majani katika maji yaliyochemshwa, akayaweka juani, viputo havikutoka. Katika maji yaliyotiwa hewa ya ukaa, vilitoka kwa wingi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1782, Ingenhousz akampinga, na ugomvi wao ukawa mkali. Kwa haki, suala la mwanga ni la Ingenhousz, lakini chakula cha jani ni cha Senebier. Anayeona leo majani yakivaa viputo kama shanga, saa chache baada ya chupa ya hamira kuanza kufanya kazi, anarudia jaribio la Geneva.

Wapo wanaosema mimea haihitaji msaada huu, kwani mwaka 1850 Robert Warington wa London alionyesha kuwa samaki, konokono na mmea wa valisneria huweza kutunzana wenyewe. Ni kweli kwa mmea huo na mwanga wa dirishani. Chini ya taa kali, akiba ya hewa ya ukaa majini, ambayo kwa kawaida haifiki miligramu moja kwa lita, huisha upesi, na mwani hujitwalia tangi. Hoja nzito zaidi ni kwamba hamira haina bomba la kufunga: hufoka siku za mwanzo, huchoka baada ya wiki mbili tatu, na usiku, mimea isipotoa oksijeni, samaki hutweta juu ya maji. Lakini dawa yake inajulikana: chupa mbili zilizoanzishwa kwa kupishana wiki, chupa tupu ya kunasa povu, na pampu ya hewa usiku. Mtungi uliofunguliwa kupita kiasi nao huua samaki.

Hata Amano mwenyewe, inasimuliwa, alianza kwa kumimina maji ya soda tangini.