Namibia, 1971: Siku mataifa yote yalipoambiwa kwamba yanahusika

Tarehe 18 Julai 1966, mjini The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu ambayo Afrika iliipokea kama kofi. Ethiopia na Liberia zilikuwa zimeishtaki Afrika Kusini tangu Novemba 1960, zikipinga utawala wa kibaguzi uliowekwa katika Afrika ya Kusini Magharibi, nchi tunayoiita leo Namibia. Majaji waligawanyika saba kwa saba. Rais wa Mahakama, Percy Spender wa Australia, akapiga kura ya ziada anayopewa rais kura zinapofungana, na kesi ikatupwa. Mahakama haikusema kama ubaguzi ule ulikuwa halali au haramu. Ilisema tu kwamba Ethiopia na Liberia hazikuwa na haki wala maslahi ya kisheria katika suala lile. Kwa maneno mengine: hayawahusu.

Miaka mitano baadaye Mahakama ileile ilitamka kwamba yanahusu kila dola duniani. Safari kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili ndiyo iliyotupa msingi wa kuuliza, nchi inapokaliwa isivyo halali, sisi wengine tusio wakaliaji tunadaiwa nini.

Kwa msomaji wa Tanzania mwanzo wa habari hii si mgeni. Tanganyika na Afrika ya Kusini Magharibi zote zilikuwa makoloni ya Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza zote mbili zilikabidhiwa watawala wapya kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa: Tanganyika kwa Waingereza, ile nyingine kwa Afrika Kusini. Baada ya Vita ya Pili njia zikaachana. Uingereza ilikubali kuiweka Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na udhamini huo ulikwisha kwa uhuru wa 1961. Afrika Kusini ilikataa. Mwaka 1946 iliomba imeze nchi ile iwe sehemu yake, Umoja wa Mataifa ukakataa, nayo ikaendelea kuitawala kana kwamba imekubaliwa. Mwaka 1950 Mahakama ilieleza kwamba dhamana ingali hai na kwamba Afrika Kusini haiwezi kuibadili peke yake. Makaburu walioitawala Afrika Kusini hawakujali.

Hukumu ya 1966 ilipotoka, SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa nchi ile, iliyokuwa na makao yake ya muda Dar es Salaam, ilitangaza kwamba imebaki njia ya silaha. Baadhi ya wapiganaji wake walikuwa wamekwisha kupita katika kambi ya Kongwa, Dodoma. Tarehe 26 Agosti 1966 risasi za kwanza zililia Omugulugwombashe, kaskazini mwa nchi yao.

Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hasira ilichukua sura nyingine. Oktoba 27 mwaka huohuo lilipitisha azimio la 2145, kwa kura 114 dhidi ya mbili za Afrika Kusini na Ureno, likiifuta dhamana na kusema nchi ile sasa iko chini ya Umoja wa Mataifa wenyewe. Uingereza, Ufaransa na Malawi hazikuunga mkono wala kupinga. Januari 1970 Baraza la Usalama likatamka kwamba kuendelea kuwapo kwa Afrika Kusini Namibia ni haramu. Kisha, Julai, likaiuliza Mahakama swali lililopangwa kwa busara kubwa. Halikuuliza Afrika Kusini ifanye nini, maana jibu la hilo lilijulikana. Liliuliza uharamu huo una matokeo gani ya kisheria kwa mataifa.

Jibu lilisomwa Juni 21, 1971. Aliyekuwa rais wa Mahakama sasa ni Muhammad Zafrulla Khan wa Pakistan, jaji yuleyule ambaye hakuketi katika kesi ya 1966 kwa kuwa iliwahi kupendekezwa awe jaji wa upande wa walalamikaji. Kwa kura 13 dhidi ya mbili, Mahakama ilisema Afrika Kusini iko Namibia kinyume cha sheria na iondoke mara moja. Waliopinga ni Gerald Fitzmaurice wa Uingereza na André Gros wa Ufaransa. Kwa kura 11 dhidi ya nne ikaongeza kwamba wanachama wote wa Umoja wa Mataifa wanawajibika kuutambua uharamu huo na kujiepusha na kila tendo linaloashiria kuukubali utawala ule au kuusaidia.

Mahakama haikuishia kwenye maneno mapana. Ilitaja mambo. Usifunge mkataba na Afrika Kusini pale inapojidai kusema kwa niaba ya Namibia. Usipeleke balozi mdogo Windhoek, na uliyempeleka mrudishe. Usiingie katika biashara itakayouimarisha utawala ule juu ya ardhi ile. Nchi ambazo hazikuwa wanachama wa Umoja wa Mataifa nazo ziliguswa, kwa sababu nchi kukaliwa kiharamu si jambo la wanachama pekee.

Katika waraka ule wote, sehemu ninayoithamini kuliko zote ni fupi. Mahakama ilionya kwamba kumkataa mtawala haramu kusiwe kuwaadhibu wanaotawaliwa. Matendo ya serikali ile yasitambuliwe, lakini vyeti vya kuzaliwa, vya vifo na vya ndoa vibaki na nguvu, maana kuvifuta kungewaumiza wakazi wenyewe. Majaji waliona kwamba mama wa Ovamboland asiye na karatasi hapungukiwi na dhuluma.

Namibia kwenyewe waraka huo haukubaki Ulaya. Juni 30, siku tisa baadaye, viongozi wawili wa makanisa ya Kilutheri, Askofu Leonard Auala na Paulus Gowaseb, walimwandikia Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini barua ya wazi wakiikosoa serikali yake kwa kunyima watu haki zao. Desemba wafanyakazi wa mkataba waligoma Windhoek, na mgomo ukaenea hadi migodini.

Mataifa yaliyoambiwa yanahusika yalitii kwa viwango tofauti. Marekani iliyakubali maoni ya Mahakama, na tangu 1970 ilikuwa imetangaza kwamba itawakatisha tamaa raia wake wasiwekeze Namibia. Hata hivyo kampuni za Kimarekani ziliendelea kuchimba shaba ya Tsumeb. Baraza la Usalama lilipoyaafiki maoni hayo Oktoba 1971, Uingereza na Ufaransa hazikupiga kura ya ndiyo wala hapana. Mwaka 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia, chombo cha kuisimamia nchi ile kwa niaba ya Umoja huo, lilitoa Amri Namba 1: mali ya ardhi ya Namibia isichimbwe wala kusafirishwa bila idhini yake, na ikisafirishwa iweze kukamatwa. Uingereza haikuitambua amri hiyo. Mwaka 1976 mgodi wa Rössing ulianza kutoa urani, na Waingereza walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Ndipo mwaka 1987 Baraza lile likafungua kesi Uholanzi dhidi ya Urenco, kampuni ya kurutubisha urani. Uhuru wa Machi 21, 1990 uliikuta kesi hiyo haijaisha. Ni aibu kwamba ilichukua miaka 13 tangu amri ile kufika mahakamani, kwa mali iliyokuwa ikipakiwa melini waziwazi.

Hata hivyo hoja ya 1971 haikuzikwa. Mahakama iliirejea mwaka 2004 kuhusu ukuta uliojengwa na Israel katika ardhi ya Palestina, na tena Julai 19, 2024, iliposema kwamba uwepo wa Israel katika maeneo inayoyakalia ya Palestina ni haramu na kwamba mataifa mengine yasiutambue wala kuusaidia. Miongoni mwa waliosimama kutoa hoja mbele ya majaji Februari mwaka huo alikuwa Yvonne Dausab, Waziri wa Sheria wa Namibia.

Septemba 18, 2024 Baraza Kuu liliyageuza maoni hayo kuwa azimio, likiyataka mataifa yaelekee kuacha kununua bidhaa za makazi ya walowezi na kuacha kutoa silaha zinazoweza kutumika huko. Kura zilikuwa 124 za ndiyo, 14 za hapana, na nchi 43 hazikuegemea upande wowote. Ufaransa safari hii ilisema ndiyo. Uingereza, kama mwaka 1971, haikusema ndiyo wala hapana.